Nyegere Aliyefutwa Sauti

Tayla Halcrow, mwenye miaka mitano, alimwita bibi yake kutoka jikoni aje kumwona mtu aliyemwibia sauti.

"Kohkom, njoo uone. Kuna mtu ndani ya mdomo wako."

Philomene alikuwa akigeuza mkate kikaangoni. Akapunguza moto, akajifuta mikono, akaenda sebuleni bila haraka, maana mjukuu huyu alikuwa akimwita kwa kila kitu, hata kumwonyesha ndege dirishani. Kwenye televisheni, Grunda alikuwa akiiba samaki mtegoni mwa wenzake kama ilivyo desturi yake. Grunda ni nyegere wa theluji, jike mwenye makucha marefu na kofia ya zambarau, na katika katuni nzima hakuna anayemzidi kwa ubaya. Lakini safari hii alipofungua mdomo, ilitoka sauti ya msichana, nyembamba, tena kwa Kiingereza.

"Huyo si wewe," Tayla alisema.

"Si mimi."

"Sasa wewe uko wapi?"

Philomene akachukua rimoti. Akafungua orodha ya lugha jinsi binti yake alivyomfundisha. Kihispania kilikuwepo, Kifaransa kilikuwepo, Kireno, Kijapani, Kikorea. Akashuka hadi chini, akapanda hadi juu, akashuka tena. Kikrii hakikuwepo.

Kwa misimu miwili ya baridi sauti ya Grunda ilikuwa yake. Kampuni ya filamu za mtandaoni ilileta watu na kamera hadi kijijini kwao, Ziwa la Jiwe Jeupe, kaskazini mwa Kanada, ikakata keki katika ukumbi wa shule, ikapiga picha na chifu, ikasema kwamba sasa watoto wa Wakrii watatazama katuni kwa lugha yao. Walipotafuta watu wa kuigiza, wanawake wengine walitaka kuwa sungura au malkia wa msitu. Philomene alisema yeye anamtaka mwizi. Sauti yake ilikwaruza kama koleo juu ya barafu, nusu kwa kuzaliwa na nusu kwa sigara, na marehemu mumewe, aliyekuwa mtegaji, alikuwa amewatukana manyegere mbele yake miaka arobaini. Hakuhitaji kufundishwa kitu.

Alhamisi iliyopita, katika hospitali ya Thompson, daktari alikuwa amewaeleza yeye na binti yake Verna kwamba saratani imekikalia kisanduku cha sauti kooni, na kwamba kule Winnipeg wangekiondoa chote kabla mwezi haujaisha. Angeweza kupona kabisa. Kusema kwa sauti yake hangeweza tena. Verna alilia. Philomene alimpigapiga binti yake mgongoni, akamwambia daktari, "Kiondoeni tu. Nyingine nimeiweka akiba kwenye televisheni."

Daktari alidhani ni mzaha.

*

Verna alipiga simu kwa kampuni siku ya pili baada ya Kikrii kutoweka, alipomaliza zamu yake katika chumba cha kufulia cha kituo cha afya. Aliiweka simu mezani ili mama yake naye asikie. Muziki ulilia, ukakatika, ukalia tena. Hatimaye akapokea kijana aliyesema anaitwa Brayden na kwamba amefurahi sana kuwahudumia siku hiyo.

"Naona kipindi kipo, mama," alisema baada ya kuelezwa. "Huku kwangu kinafunguka vizuri."

"Kipindi kipo. Lugha haipo."

"Lugha gani?"

"Kikrii."

Vidole vikasikika vikigonga. "Unaweza kunitajia herufi zake?"

Verna akazitaja moja moja, kama anavyoitajia posta jina lake.

"Lugha hiyo haimo katika orodha yetu."

"Najua haimo. Ndiyo maana nimepiga. Wiki iliyopita ilikuwamo."

"Inawezekana mlikuwa mnatazama kwenye huduma ya kampuni nyingine?"

"Kaka," Verna alisema, "mama yangu ndiye aliyeyasema maneno hayo. Ameketi hapa mbele yangu anakunywa chai."

Brayden akaomba radhi, akawarudisha kwenye muziki. Aliporudi, alisoma kitu kwa sauti iliyonyooka mno: vipindi na lugha hubadilishwa mara kwa mara ili kuwaboreshea wateja burudani yao, na pale ambapo watazamaji ni wachache, kampuni huwa na haki ya kuondoa.

"Wachache kiasi gani?" Verna aliuliza.

"Sina ruhusa ya kusema."

"Sisi tumetazama. Jirani zangu wametazama. Shule nzima imetazama. Kule Norway House wametazama, na kule Cross Lake. Hatuko wengi zaidi ya hapo. Mlitaka tuzae kwanza?"

"Naelewa uchungu wako, mama."

Philomene akaivuta simu upande wake. Akakohoa, akasogea karibu, akamwaga sentensi ndefu ya Kikrii kwa sauti ya Grunda, ile ya Grunda anapokuta mtego mtupu. Tayla, aliyekuwa chini ya meza na rangi zake, akacheka kwa kwikwi.

"Umesikia hiyo?" Philomene akauliza kwa Kiingereza.

"Nimesikia, bibi. Sikuelewa, ila nimesikia."

"Hiyo ndiyo lugha ambayo haimo."

Kijana akaacha kusoma maneno ya kampuni. "Ni nzuri, bibi. Natamani ningekuwa na kitufe cha kubonyeza. Mimi hapa nina vitufe viwili tu: cha maoni, na cha kukupa mwezi mmoja bure."

"Mwezi wa kumsikiliza yule msichana bure?"

"Ndiyo."

"Mpe mama yako."

Verna akakata simu. Ada yenyewe walikuwa wameipandisha mwanzoni mwa mwaka, na yeye alilipa bila kunung'unika kwa sababu ya sauti ile. Akachukua kishikwambi cha Tayla, ambamo alikuwa amehifadhi vipindi kadhaa kwa ajili ya safari za ndege. Picha zote za Grunda zilikuwa zimegeuka kijivu. Alipogusa moja, likatokea neno: muda umekwisha.

"Lakini nilivihifadhi," alisema. Alikigeuza kishikwambi chini juu, kama vile vipindi vingedondoka. "Nilivihifadhi hapa hapa."

"Ulidhani umevihifadhi," mama yake alisema. "Walikuachia uvishike tu."

*

Habari haikawii kuenea Jiwe Jeupe. Ijumaa, katika foleni ya dukani, Philomene alimkuta binamu yake Ida mbele yake na toroli lililojaa soda.

"Nasikia wamekufukuza kwenye televisheni," Ida alisema bila kugeuka vizuri.

"Umesikia sawasawa."

"Pole. Ila hata mimi nilikuwa nasema, yule nyegere alikuwa anapayuka mno. Sungura wangu alikuwa na adabu."

Ida alikuwa ameigiza sungura. Alikuwa na maneno machache, mengi yake yakiwa kukimbia na kuomba msaada.

"Na sungura wako yuko wapi sasa?" Philomene aliuliza.

Ida akageuka. Ilionekana wazi kwamba hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani ni Grunda peke yake aliyetupwa. Akaziweka soda kwenye kaunta moja moja, kwa uangalifu usiohitajika.

"Wote?" aliuliza.

"Msitu mzima, binamu."

Wakatoka pamoja. Nje, upepo wa ziwani ulikuwa ukikata mashavu, na Ida, ambaye hakuwa amempa lifti tangu ugomvi wao wa miaka iliyopita juu ya mchezo wa bingo, akamfungulia mlango wa gari lake.

*

Aliyerekodi sauti zile alikuwa Stefan Dyck, fundi mwenye studio ndogo Winnipeg. Verna alimpata Jumamosi. Stefan alimkumbuka Philomene mara moja, akaanza kucheka, akasimulia jinsi alivyomwomba apunguze ukali akamjibu kwamba nyegere hana kipimo. Kisha Verna akamweleza habari za koo, na kicheko kikaisha.

"Unazo?" Verna aliuliza. "Zile rekodi."

Stefan alikawia kujibu. "Nilisaini kwamba nitawapa wao kila kitu."

"Sikukuuliza ulisaini nini. Nimeuliza kama unazo."

"Dada Verna, wale ndio wanaonilisha. Nina kazi yao nyingine mezani sasa hivi. Wakijua nimetoa hata sekunde moja, hawatanishtaki mimi tu, watanifungia studio."

"Ni sauti ya mama yangu."

"Ni sauti ya mama yako ikitoka kwa mnyama wao. Hivyo ndivyo mkataba unavyosema. Siusifu."

Verna alisimama, akaanza kuzunguka jikoni na simu. Alisema angeliandika jina lake mtandaoni kila mtu alione. Alisema watu kama yeye huja kaskazini kula samaki wetu na kupiga picha, kisha ukiwahitaji wana mikataba. Stefan hakujitetea, na hilo lilimkasirisha zaidi. Philomene akanyoosha mkono apewe simu.

"Stefan," alisema.

"Bi Halcrow. Samahani sana."

"Mke wako yule aliyekuwa akiumwa meno alipona?"

"Alipona. Asante."

"Vizuri. Tunza kazi yako." Akakata.

Verna alimtazama kama mtu aliyeporwa silaha. "Mama, anazo. Umesikia alivyokawia. Ziko kwenye kabati lake."

"Nimesikia."

"Kwa nini usimwombe? Wewe angekupa. Ungelia kidogo tu."

"Nililie kitu ambacho bado ninacho mdomoni?" Philomene alisema, akavaa koti. "Nipeleke redioni."

*

Redio ya Jiwe Jeupe ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya chifu na baraza lake, chenye maikrofoni mbili, kochi lililochanika, na Rennie Muswagon, ambaye ni mkurugenzi, mtangazaji na mfagiaji. Watu huifungua kwa ajili ya bingo, ile bahati nasibu ya namba zinazosomwa hewani, na kwa salamu za kuzaliwa na habari za barafu, wapi ni nene na wapi si ya kuamini. Rennie alimsikiliza Philomene huku akikata kadi za bingo za jioni.

"Shangazi, unataka kusimulia ile katuni? Hewani? Wale watu wana mawakili."

"Grunda ni wao," Philomene alisema. "Kofia ya zambarau ni yao. Nyegere si wao. Nyegere alikuwa anatuibia mitego kabla kampuni yao haijazaliwa."

"Na jina?"

"Nitampa jingine. Nitamwita Ida."

Rennie akaiacha mikasi. "Shangazi."

"Basi sitamwita Ida. Nipe nafasi kabla ya bingo. Wakati huo kila mtu amefungua redio na hakuna anayethubutu kuizima."

Jioni hiyo, bila karatasi mkononi, Philomene alianza. Alisimulia kwa Kikrii kitupu habari za nyegere mmoja aliyekuwa nyota wa televisheni hadi siku alipofika kazini akakuta ngozi yake imevaliwa na mwingine. Akaulizia makucha yake, akaambiwa hayamo katika orodha. Akaulizia mkia wake, akapewa mwezi mmoja bure. Basi nyegere akaamua kurudi nyumbani kaskazini kwa miguu, na njiani akaiba kila alichokuta: taa za barabarani, kengele ya kanisa la mji wa Gimli, viatu vya polisi huku mwenyewe amevivaa. Philomene aliigiza polisi, akaigiza kengele, akamwigiza kijana wa simu kwa upole kiasi kwamba watu walimpenda. Alipofika mahali nyegere anasimama kwenye ukingo wa Ziwa Winnipeg akipima barafu kwa ulimi, akasema, "Kesho," na Rennie akaanza bingo akiwa bado anajifuta macho.

Simu ya redio iliita katikati ya bingo, jambo ambalo huwa ni kosa kubwa. Mzee mmoja alitaka kujua kama barafu ilimbeba nyegere.

*

Ikawa hivyo kila jioni. Wanafunzi walikuwa wakirekodi kwa simu zao na kurushiana. Mwalimu wa shule akaomba nakala, na Rennie akazichoma kwenye diski kadhaa, akaziandika kwa kalamu nene: chukua, gawa, usirudishe. Wauguzi waliotoka kusini wakaomba kufasiriwa. Ida akaja akaketi kwenye kochi siku ya tatu, "kupumzika tu," na siku ya nne nyegere akakutana na sungura, na Ida akasogezewa maikrofoni ya pili. Safari hii sungura hakuomba msaada. Alimuuzia nyegere vile viatu vya polisi nyegere alivyokuwa navyo tayari, kwa bei mara mbili.

Lakini sauti ilikuwa ikiisha. Kila asubuhi Philomene aliamka na kukuta imebaki kidogo kuliko jana. Daktari alikuwa amemwagiza apumzishe koo mpaka siku ya upasuaji, na Verna ndiye aliyekuwa ameyasikia maagizo hayo kwa masikio yake.

"Leo huendi," Verna alisema jioni moja, akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Sogea, mwanangu."

"Unaimaliza, Mama. Ungeibakiza tuongee. Ungeongea na mimi. Una siku chache tu, na unazigawa kwa watu wanaosubiri bingo."

"Na wewe si usikilize redio kama wao."

"Nasikiliza." Verna akaishusha sauti, kwa sababu Tayla alikuwa karibu. "Nasikiliza na nusu yake siielewi. Unajua hivyo? Wote kule kituoni wanacheka na mimi nacheka nyuma yao, kidogo nimechelewa, ili wasijue. Tayla ndiye ananifasiria nikirudi. Mtoto wa miaka mitano. Wewe hukunisemesha hicho Kikrii hata siku moja. Sasa unakimwaga kwa kila mtu, na mimi nimekaa jikoni kama mgeni."

Philomene alibaki amelishika koti, mkono mmoja ndani. Alikuwa na majibu. Shule ya bweni aliyopelekwa utotoni, ambako mtoto alichapwa kwa kusema Kikrii, ilikuwa imempa majibu mengi ya kwa nini mama asimsemeshe binti yake lugha ile, na Verna aliyajua yote. Yalikwisha kusemwa, yakasamehewa. Hayakuwa na kazi jioni ile.

"Vua viatu," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Mpigie Rennie. Mwambie leo apige muziki."

Wakaketi mezani, Tayla katikati yao. Philomene akasimulia kipindi cha jioni hiyo pale pale, polepole, kwa mnong'ono, sentensi moja moja, na kila sentensi akamngoja Verna aiseme nyuma yake. Verna alisema vibaya. Akarudia, akasema vibaya kidogo. Tayla alichoka akalala kwenye kiti. Chai ilipoa bila mtu kuigusa. Nyegere wa jioni hiyo alikuwa amefika Grand Rapids, na alikuwa na njaa, na alikuwa na maneno mengi ya njaa ambayo Verna hakuwa amewahi kuyaweka mdomoni.

"Neno hili lina hewa katikati," mama yake alinong'ona. "Usilibane. Liache lipite."

Kesho yake Verna mwenyewe ndiye aliyempeleka redioni.

*

Jioni ya mwisho kabla ya ndege ya Winnipeg, nyegere alikuwa amefika karibu kabisa na nyumbani. Alikuwa ameona moshi wa kijiji. Hapo, katikati ya sentensi, sauti ya Philomene ilikatika. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Ida, kwenye maikrofoni ya pili, alimshika mkono, na kwa kitambo redio yote ya Jiwe Jeupe ilikuwa kimya.

Philomene akamwashiria Rennie: bingo.

Kule Winnipeg upasuaji ulichukua siku nzima, na madaktari walitoka wakiwa wameridhika. Aliamka na tundu shingoni na ubao mweupe mapajani. Jambo la kwanza aliloandika lilikuwa nani alishinda bingo. Stefan Dyck alikuja kumtazama na maua, akasimama miguuni pa kitanda akiwa mwekundu kwa aibu. Alikuwa na bahasha ndani ya koti, na mkono wake uliingia na kutoka pale mara kadhaa. Philomene akamwangalia, akaandika: Kaa na kazi yako. Sisi tumerekodi zetu. Stefan alisoma, akacheka, akalia, akaenda zake na bahasha yake.

Philomene alikuwa bado hospitalini pale mwanamke mmoja wa kampuni alipompigia Verna. Gazeti la Winnipeg lilikuwa limeandika habari za redio. Mwanamke huyo alikuwa mchangamfu na alionekana mwema. Alisema kampuni imeguswa sana, na kwamba mwezi wa Juni, kwa ajili ya kusherehekea wenyeji wa nchi, wangependa kuirudisha lugha ya Kikrii kwenye katuni.

"Kwa mwezi huo?" Verna aliuliza.

"Kwa mwezi huo, kuanzia. Na tungefurahi kama mama yako angetutumia ujumbe mfupi wa sauti, akiwakaribisha watazamaji. Hata nusu dakika."

Verna aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Aliona kwamba mwanamke huyu hakuwa ameambiwa. Kuna mtu aliyempa namba na hakumpa mengine.

"Mama yangu ametolewa kisanduku cha sauti juzi," alisema. "Sauti mnayoitaka ni hiyo mliyonayo. Hakuna nyingine."

Upande wa pili zikaja "samahani" kadhaa ambazo Verna aliamini zilikuwa za kweli. Akazingoja ziishe.

"Sasa sikiliza, dada. Irudisheni Juni kama mnataka. Watoto watatazama. Ila nataka nakala ya sauti ya mama yangu, yote, mkononi mwangu, si ya kushikishwa kwa muda. Na sitaki jibu la kusomewa."

"Siwezi kuahidi."

"Sikukuomba uahidi. Nimekuomba uende ukaulize, na mimi nitakupigia kila Jumatatu mpaka unikumbuke kwa sauti."

Alimweleza mama yake yote. Philomene alifikiri kidogo, akafuta ubao, akaandika: Mwezi ni kukodisha. Kisha chini yake: Umesema vizuri.

*

Juni Kikrii kilirudi, na Julai kikaondoka tena kama kilivyokuja. Tayla alitazama siku mbili tatu, kisha akahamia kwenye mambo mengine. Verna alipiga simu kila Jumatatu. Alikwisha kumjua yule mwanamke, alijua kwamba ana watoto mapacha na kwamba wakuu wake bado wanajadiliana na wanasheria. Nakala haijaja hadi leo. Verna hajaacha kupiga.

Lakini nyegere hakungoja Juni. Wiki ileile Philomene aliporudi, barafu ikiwa bado inabeba malori, mzee yule wa simu alimpigia Rennie kulalamika. Alisema si haki kumwacha mnyama wa watu amesimama anaangalia moshi tangu mwezi uliopita. Rennie akampigia Verna.

"Mimi siwezi," Verna alisema. "Nitawachekesha watu."

"Ndiyo kazi yenyewe, binamu."

Wakaenda wote watatu, mama, binti na mjukuu. Philomene, skafu shingoni, akaketi kando ya binti yake na penseli mkononi, akamwonyesha mpango: ukikosea, nagonga meza. Verna akavaa vipokea sauti. Mikono yake ilinuka sabuni ya kufulia. Taa nyekundu ikawaka.

Alianza pale mama yake alipoishia. Nyegere akaona moshi. Penseli ikagonga, Verna akalirudia neno. Nyegere akateremka kilimani. Penseli ikagonga mara mbili. Nyegere akafika mlango wa kwanza, akabisha, mwenye nyumba akauliza ni nani, na nyegere akajibu, kwa Kikrii cha Verna, kwamba amekuja kurudisha viatu.

Penseli haikugonga. Ida, kwenye kochi, alikuwa amejiziba uso kwa mikono yote miwili. Rennie alikuwa ameinamia mashine zake, mgongo ukimruka. Simu ikaita, ikaita nyingine, taa zote ndogo zikawaka kwa pamoja. Verna akawatazama mmoja mmoja.

"Nimesema nini?" aliuliza, akiwa amesahau kwamba yuko hewani.

Hakuna aliyeweza kumwambia. Neno la viatu lilikuwa limekosa ile hewa ya katikati, likawa neno jingine kabisa, la sehemu ya mwili ambayo mtu harudishi mlangoni kwa jirani. Verna akamgeukia mama yake. Philomene alikuwa ameangusha penseli. Alikuwa akicheka bila sauti yoyote, macho yamefumba, machozi yanateremka hadi kwenye skafu, na mabega yanapanda na kushuka kwa nguvu zote alizonazo.

Alipotulia, akauchukua mkono wa Verna, akauweka kifuani pake, akavuta pumzi, akaitoa taratibu ili binti yake aisikie inavyopita.

Verna akasogea kwenye maikrofoni, akalisema tena.